Sanda ya Majina Elfu

Ukitaka mtu wa kuanza jambo, hukuhitaji kwenda mbali. Ungepanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na moja ya jengo lile kuukuu kule Weston, ughaibuni, lile linaloupa mgongo mto Humber, ukagonga mlango wa Mansoor Alibhai. Kuanza alikuwa hodari, jamani. Alianza rafu ya roshani, nayo ikasimama kwa miguu mitatu na tofali moja. Alianza kozi ya ufundi umeme, akaiacha wiki ya tisa. Binti yake Wajiha alipokuwa na miaka kumi, alijifunza kufuma kwa kaseti ya video ili amfumie sweta ya baridi. Sweta ile ikafika mkono mmoja, na leo Wajiha ana miaka thelathini na moja. Kazi pekee aliyodumu nayo ilikuwa ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, miaka ishirini na sita mpaka alipostaafu. Lakini mizigo ya uwanja wa ndege haina mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kutoimaliza.

Mkewe, Sabika, alikuwa akimwita Bwana Nusu. Alimwita hivyo mbele ya wageni na mbele ya simu ya dada zake wa Arusha, na Mansoor alikuwa akicheka kuliko wote.

Mwezi wa kumi, Sabika alipatikana na saratani ya ini. Daktari, mama mmoja mpole, aliwaambia kwamba wasihesabu miaka. Labda mpaka theluji itakapoyeyuka, alisema. Walirudi nyumbani kwa basi wakiwa wameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara, wakachemsha chai.

"Baba Wajiha," Sabika akasema, "sanda yangu nataka iandikwe."

Mansoor alijua anasema nini. Kwa Mashia Ithnaashari ni jambo jema, ingawa si la lazima, sanda ya maiti iandikwe ile dua ndefu inayosomwa Lailatul Qadri, yenye vifungu mia, na kila kifungu majina kumi ya Mwenyezi Mungu. Majina elfu. Watu hununua zilizochapwa tayari, wakaziweka kabatini chini ya shuka za wageni.

"Usiwe na shaka," akajibu. "Mtoto wa Akbar anakwenda Karbala mwezi ujao. Atatuletea."

"Sitaki ya mashine. Nataka ya mkono wako."

"Mkono wangu? Mimi Kiarabu nasoma tu, Sabika. Kuandika sijui hata jina langu."

"Jifunze."

"Vifungu mia!"

"Najua ni mia. Na najua nimeolewa na nani." Akaweka kikombe chini. "Miaka thelathini na tisa nimeishi na nusu rafu na nusu sweta. Sijakulalamikia, au nimekulalamikia?"

"Kila siku."

"Basi, mbali na hizo kila siku, sijakulalamikia. Sasa nakuomba kimoja. Nataka nikione kitu chako kimoja kikiwa kizima, nikione kwa macho yangu haya, kabla sijayafumba."

 Mansoor alikunywa chai ikiwa ya moto vile vile, ikamuunguza ulimi.

Wiki mbili za kwanza aliandika juu ya migongo ya yale matangazo ya maduka yanayotiwa kwenye masanduku ya barua. Alikuwa na kitabu cha zamani cha madrasa cha Wajiha, chenye picha ya tufaha na ya sungura. Mzee wa miaka sitini na saba, miwani puani, anafuatisha herufi za sungura. Sabika alilala kwenye kochi akimkagua.

"Hiyo nini?"

"Alifu."

"Alifu? Mimi nilidhani nguzo ya umeme iliyogongwa na lori. Rudia."

Akarudia. Alirudia mpaka migongo ya matangazo ikaisha, akapanda kuwaomba majirani wa ghorofa ya kumi na mbili ya kwao.

Wino ulikuwa shughuli nyingine. Utotoni kwao Tanga, Mansoor alikuwa amewaona waalimu wakiandikia wagonjwa kombe, aya za Kurani juu ya sahani nyeupe kwa zaafarani na maji ya waridi. Basi akadhani anajua. Lakini sahani ni sahani, na pamba ni pamba. Jina la kwanza aliloandika juu ya foronya ya mto ya majaribio lilienea mpaka likawa doa, kama mchuzi wa biriani ulioangukia kanzu. Akapunguza maji. Akabadilisha kalamu, akachukua brashi nyembamba ya rangi. Foronya nne ziliharibika, na jioni ya foronya ya nne akatupa brashi kwenye beseni la vyombo, akasema kwamba jambo hili Mungu hakulipanga.

"Mungu hakulipanga, au wewe umechoka?" Sabika akauliza kutoka kochini. "Fungua kabati la juu. Kuna mkebe wa gundi."

"Gundi gani?"

"Gundi ya mgunga. Ile tunayopikiwa peremende ya wazazi, mtu akijifungua. Niliinunua mwaka juzi. Nilidhani Wajiha ataolewa, nimpikie. Sasa haitanisubiri. Saga kidogo, utie katika huo wino wako, uone kama hautakaa."

Ukakaa. Jina likatulia juu ya kitambaa bila kuenea, jembamba, la dhahabu. Mansoor akaliangalia sana. Akageuka kumwonyesha mkewe, na wote wawili wakalia kwa sababu ya mkebe wa gundi, ingawa kila mmoja alidai anakohoa.

Sanda alikuja nayo Wajiha kutoka kituo cha jumuiya yao kule Thornhill, barabara ya Bathurst, ndani ya mfuko wa plastiki, vipande kadhaa vya pamba nyeupe vimekunjwa pamoja. Wajiha alikuwa akifanya kazi ofisi ya bima na akiishi Crescent Town, upande wa pili wa jiji. Aliuweka mfuko ule mezani kama kitu kinachouma, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hataki kuuona tena. Kiswahili alikielewa chote. Kukizungumza ndiko kulikomshinda.

Dawati la Mansoor lilikuwa ile meza ndefu ya kupigia pasi. Aligundua kwamba kitambaa kikitandazwa juu yake, unakisogeza kila ukimaliza mstari, kinateremka upande wa pili bila kukunjamana. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, mwanga ukiwa umeingia sebuleni, alitia udhu, akasimama kwenye meza yake. Sabika alishika kitabu cha dua, akamsomea jina moja baada ya jingine. Chini ya dirisha lao hupita treni ya uwanja wa ndege, kila robo saa, na kioo hutetemeka.

"Treni. Inua mkono."

Anainua brashi. Treni inapita.

"Haya, shusha. Tulikuwa kwenye Ya Rahimu."

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Kifungu kimoja kilimchukua saa nzima, na siku njema waliandika viwili. Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi na moja walikuwa na vifungu ishirini na vitatu. Mansoor alianza kutembea ndani ya nyumba kifua mbele.

Hapo ndipo Sughra alipokuja na supu. Sughra ndiye kiongozi wa akina mama wanaoosha maiti kituoni, mwanamke wa maneno machache, aliyekwisha kuwaosha nusu ya mashoga zake. Alimlisha Sabika vijiko vitano, akauliza kazi imefika wapi. Mansoor akamfunulia kwa maringo. Sughra akakishika kitambaa kwenye pindo. Akakipima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole, mara mbili.

"Vipi, dada? Mwandiko mbaya?"

"Mwandiko mzuri, Mansoorbhai. Mzuri sana." Akakitua mezani. "Lakini hii ni lungi."

"Lungi?"

"Sanda ina vipande. Kiko kikubwa cha kufunika mwili wote, juu ya vyote. Hiki kidogo ni cha kufunga kiunoni, kushuka magotini. Majina ya Mwenyezi Mungu hayawezi kukaa pale, ndugu yangu. Pale panaweza kupata najasi. Sisi hatutaweza kumvisha."

Mansoor alikuwa amekichagua kile kipande kwa sababu kilienea sawasawa kwenye meza ya pasi. Basi, hiyo tu. Kilimwenea.

Kutoka kochini ikasikika sauti. Sabika alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikambidi Sughra amwinue kwa mabega ili apate pumzi. "Ungenivalisha majina ya Mola matakoni!" akasema. "Ee Mungu wangu, ningewaeleza nini Munkar na Nakir kaburini!"

Mansoor hakucheka. Aliikunja lungi, akavaa jaketi, akatoka.

Wiki nzima hakuigusa brashi. Aliamka, akasali, akampa Sabika dawa zake, akakaa roshani kwenye baridi karibu na ile rafu ya miguu mitatu.  Siku ya saba Sabika akamwita.

"Ile lungi uliyoandika, itakuwaje? Haitupwi jalalani, ina majina."

"Najua. Itiwe maji yanayokwenda."

"Si maji haya hapa chini?"

Akashuka nayo mpaka mtoni, kwa kile kijia cha nyuma ya jengo. Miti ilikwisha pukutika, na kando ya maji kulikuwa na ukoko mwembamba wa barafu. Alichuchumaa juu ya jiwe, akakizamisha kitambaa, akakisugua. Zaafarani ikatoka taratibu, uzi wa njano ukaondoka na maji kwenda upande wa ziwani, na saa ishirini na tatu za kazi yake zikaenda nao mbele ya macho yake. Vidole vilikufa ganzi. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alisimama, akamwuliza kama yuko salama. Akajibu kwamba anafua. Yule mama akaangalia barafu, akaangalia kitambaa, akamtakia siku njema, akamvuta mbwa wake.

Aliporudi alikuwa anatetemeka meno. Sabika akamshika mikono, akaitia kwapani mwake, mikono miwili mibichi ya baridi, na yeye mwenyewe amebaki mifupa.

"Bandu bandu," akamwambia, "huisha gogo. Tandaza ile kubwa."

Akatandaza ile kubwa. Mara hii alimpigia Sughra simu kwanza, wakakipima kitambaa kwenye video, urefu na upana, na Sughra akamwonyesha wapi pa kuandika, upande wa kichwani na kifuani, na wapi pa kuacha.

Kuanzia siku ile Mansoor akawa mtu mwingine. Nisiseme mwingine, maana matani yalikuwa yale yale. Lakini alisimama kwenye meza yake kama mtu anayeripoti kazini. Nyonga ilipomuuma alivuta kiti kirefu cha jikoni, akaegemea. Wakati wa theluji kubwa ya mwezi wa kwanza umeme ulikatika mchana, akasogeza meza mpaka dirishani. Siku nyingine mkono uligoma, akaandika jina moja tu, moja zima, akaacha. Alikuwa na daftari ambamo alipiga mstari kila kifungu kilipomalizika. Thelathini. Arubaini na tano. Sitini. Muuguzi aliyekuja kila alasiri, kijana wa Kifilipino, alizoea kuzunguka meza ya pasi kwa ncha za vidole vya miguu na kuuliza kwa heshima, "Leo ngapi?"

Na kadiri sanda ilivyojaa, Sabika alipungua. Kochi likawa kitanda cha hospitali, kilicholetwa na watu wawili kikawekwa pale pale sebuleni. Macho yake yakawa na rangi ya ule wino. Sauti ya kusoma ikawa ya nusu kifungu, kisha ya majina matatu, kisha ikawa ya kusema "treni" peke yake. Mansoor akawa anajisomea mwenyewe. Lakini bado Sabika alifungua macho kila jioni, akanyoosha kidole, na yeye akamletea upindo ulioandikwa siku ile, akamsogezea usoni. Aliusoma kwa midomo. Palipokosewa alijua.

Mwisho wa mwezi wa pili walifika tisini na sita.

Jumanne ile Mansoor alikwenda kituoni kwa majlisi, maana Wajiha alikuja kukaa na mama yake. Akbar, rafiki yake tangu enzi za Tanga, akamkalisha karibu na viatu, akamwuliza hali ya mgonjwa, akasikia habari ya tisini na sita.

"Mashallah! Bwana Nusu amefika tisini na sita!" Kisha Akbar akashusha sauti, kwa nia njema tu, kama watu wanavyosema. "Unajua, marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Miezi miwili madaktari walisema leo, kesho. Alikuwa anaisubiri sanda yake kutoka Karbala. Tulimwekea mkononi Jumatatu. Jumatano akaondoka. Roho ilikuwa inasubiri hiyo tu, Mansoor."

Akbar hata hakujua amesema nini. Aliendelea na habari za goti lake.

Kesho yake Mansoor alitia udhu, akasimama kwenye meza, akachovya brashi. Wino ukakauka nchani. Akachovya tena. Akasema mwanga hautoshi. Siku ya pili akasema bega linamwuma. Siku ya tatu akaanza kutengeneza mguu wa nne wa ile rafu, naye Sabika akasikia nyundo kutoka kitandani, akafumbua macho.

Siku tano zikapita hivyo, na daftari halikuongezeka mstari. Mtu aliyeshindwa na vitu vyote maishani kwa kuchoka, mara hii hakuchoka hata kidogo. Angeweza kuvimaliza vifungu vinne kwa siku mbili, mkono wake ulijua njia. Usiku alilala kwenye godoro kando ya kitanda cha Sabika, akisikiliza pumzi, akahesabu vinne vilivyobaki kama mtu anayehesabu mkate wa mwisho.

Siku ya sita Sabika akamwita. Mansoor alipaswa kuinama sana ili amsikie.

"Umesimama."

"Nimepumzika tu, Mama Wajiha."

"Umesimama makusudi." Akavuta pumzi. "Nani kakwambia nitakwenda ukimaliza?"

Mansoor akaanza kumnyooshea shuka.

"Akbar," Sabika akasema. "Na mama yake. Ile hadithi kila mtu anaijua." Akajaribu kutabasamu. "Mjinga wewe. Mimi nitakwenda ukimaliza, na usipomaliza nitakwenda. Tofauti ni kwamba ukimaliza nitaiona."

"Siwezi, Sabika. Mkono unakataa."

"Ule ule uliofua mtoni?"

Akautazama ule mkono.

"Nimechoka, Mansoor." Alikuwa hamwiti kwa jina ila mambo yakiwa mazito. "Nionyeshe. Kesho."

"Kesho," akamwahidi. "Kesho inshallah."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Asubuhi Wajiha aliomba ruhusa kazini, akaja. Mansoor aliikunjua sanda kwenye meza, akaandaa bakuli, akafungua kikopo cha zaafarani, akakifunga. Akasema zaafarani imekwisha. Itabidi aende kwenye duka la Waajemi kule Thornhill, maana ya huku madukani si safi.

"Nikupeleke na gari?" Wajiha akauliza kwa Kiingereza.

"Kaa na mama yako. Nitapanda basi."

Sabika alikuwa macho. Alimwangalia anavyovaa viatu.

Kutoka Weston mpaka kule ni mabasi mawili na treni ya chini ya ardhi, mwendo wa zaidi ya saa. Mansoor hakuharakisha. Basi moja lilipita akiwa kituoni, akaliacha, akangojea la pili. Dukani alinusa zaafarani za vikopo vitatu, akabishana na muuzaji juu ya mavuno, akanunua gramu mbili alizokuwa hazihitaji. Alikuwa kwenye basi la kurudia, dirishani, aliposikia simu.

"Baba." Na mara hii Wajiha alisema Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kupapasa. "Baba, zaafarani ipo. Mimi nimefungua kabati, nataka kukusaidia kuweka tayari. Ipo, imejaa."

Mansoor akafumba macho.

"Nimemwambia Mama ipo. Yeye kasema, najua." Kukawa na sauti ya pumzi. "Baba, Mama anapumua... si sawa. Nimempigia muuguzi. Rudi."

"Niko njiani. Mwambie niko njiani. Mwekee simu sikioni."

"Yeye kasema, usikimbie. Kuna barafu njiani. Kasema usikimbie."

Alikimbia. Kutoka kituo cha basi mpaka jengoni alikimbia, mzee wa watu, mfuko wa duka mkononi, akateleza mara moja, akaangukia goti, akainuka. Lifti ilikuwa ghorofa ya juu. Alipofungua mlango, Wajiha alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mkono wa mama yake, na muuguzi yule kijana amesimama dirishani na kofia yake mkononi. Sanda ilikuwa pale pale juu ya meza ya pasi, mahali palipobaki pakiwa peupe.

Kuzika hakucheleweshwi. Asubuhi ya Jumatano, Sabika alikuwa kwenye chumba cha kuoshea cha kituo, na mlango wa pili kulikuwa na chumba kidogo cha kungojea chenye viti vya plastiki na meza ya kukunja. Sheikh wa kituo alikuja, akamshika Mansoor bega. Akamwambia taratibu kwamba jambo lenyewe ni la sunna, si la faradhi, tisini na sita ni nyingi, Mola anajua nia. Mansoor akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Ahsante, Sheikh," akasema. "Naomba meza ile isiyumbe. Kuna karatasi ya kutia chini ya mguu?"

Sughra alitoka na aproni yake, mikono imelowa. Akaangalia sanda, akaangalia saa ya ukutani.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Kaburi tumepewa saa nane." Akafikiri. "Maji tutayaweka ya moto. Andika, Mansoorbhai. Sisi tutamsomea humo ndani, hana haraka."

Wajiha akakaa mkabala na baba yake, akafungua kitabu cha dua cha mama yake, kile kilichojaa alama za penseli pembeni. Macho yamevimba. Akasoma jina la kwanza kwa Kiarabu chake cha madrasa, safi kabisa, herufi zote mahali pake, nzuri kuliko za wazazi wake wote wawili. Mansoor akachovya brashi.

Hakuna treni inayopita pale. Mara kadhaa aliinua mkono bila sababu, akangojea, kisha akaushusha.

Tisini na saba. Tisini na nane. Wanaume walikuwa wanaingia ukumbini, viatu vinasikika, Akbar akachungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma akifunika mdomo. Kwenye tisini na tisa brashi ilisimama. Wajiha akamngoja. Jina moja. Lingine. Zima, halafu lingine zima. Ilipofika saa sita na robo akaandika neno la mwisho la kifungu cha mia, akavuta mkia wa herufi mpaka ukaisha wino, akaweka brashi chini.

Lilikuwa bado bichi. Mama mmoja akaleta mashine ya kukaushia nywele kutoka msalani, akaichomeka, na kwa dakika chache hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ile mashine, inapiga hewa ya moto juu ya majina.

Sughra akaja kuipokea. Mansoor aliishika kwa mikono miwili, hakuiachia mara moja. Aliinua upindo wa mwisho, akaunyoosha kuelekea mbele, kwenye kimo cha kitanda, kama mbele ya uso wa mtu aliyelala. Hapo palikuwa na ukuta na ratiba ya usafi.

"Alitaka kuiona," akasema. "Siku sita nilikuwa na nafasi. Dada Sughra, siku sita nzima, na mkono wangu mzima."

Sughra hakumwambia kwamba ni kadari. Hakumwambia kwamba Sabika anaiona kutoka aliko. Aliichukua sanda, akaikunja kwa mkono wa mtu aliyekunja nyingi.

"Nitaifungua mbele yake kabla hatujamvisha," akasema. "Kifungu kwa kifungu."

"Amefumba macho."

"Nitaifungua hivyo hivyo."

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mansoor akabaki amesimama, akasikia maji yanamiminwa, mara ya kwanza, kisha kimya, kisha akina mama wakaanza kusoma. Wajiha akaja, akamshika mkono uliokuwa na wino, akautia kwenye mkono wake.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, "kaa."

Hakukaa.